Kupanga mahali pa fifwili kwenye pikapu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wenye pikapu wa Mwanza na kando ya ziwa wanaotaka kuvuta trela la shingo, liwe la boti, la mifugo au la mitambo, kwa fifwili inayofungwa ndani ya bodi, yaani sahani ya chuma inayonasa kingpini, ile pini nene iliyo chini ya pua ya trela. Kupima kumechukua nafasi kubwa kuliko kufunga, kwa kuwa tundu likishatobolewa kwenye chesisi halirudi.

Fifwili ina faida gani kuliko tobaa ya nyuma?

Tobaa, yaani ndoano ya kuvutia, inavuta trela kutoka nyuma ya bampa, zaidi ya mita moja nyuma ya ekseli. Kila trela linapoyumba linapata mkono mrefu wa kuusukuma mkia wa gari. Fifwili inalibeba trela juu ya ekseli yenyewe, kwa hiyo trela likiyumba, gari halipinduliwi mwelekeo kirahisi. Gharama yake ni nafasi ya bodi, ambayo inakwisha karibu yote, na uzito ambao pikapu nyingi ndogo haziuwezi.

Ikae wapi hasa?

Katikati ya sahani, pale kingpini inaponasa, pawe juu ya mstari wa ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, kuanzia sifuri hadi sentimita 5. Isikae nyuma ya ekseli hata kidogo.

Chukua Hilux yenye sentimita 308.5 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na trela linaloiwekea kilo 600 kwenye kingpini. Ukifunga sahani sentimita 30 nyuma ya ekseli, zidisha 600 kwa 30, gawanya kwa 308.5: matairi ya mbele yanapunguziwa kilo 58 hivi, na ekseli ya nyuma inabeba 658. Ukifunga sentimita 5 mbele, matairi ya mbele yanaongezewa kama kilo 10.

Mtu ataona kilo 58 si kitu. Gari likiwa limesimama, kweli si kitu. Ila ukiwa unapanda mlima, au gurudumu la trela likiingia shimoni na kingpini kushuka kwa kishindo, uzito huo unazidi mara kadhaa kwa sekunde moja, na usukani unakuwa mwepesi wakati unapouhitaji. Halafu kuna msukumo wa pembeni: sahani ikiwa nyuma ya ekseli, trela linapata tena ule mkono wa kutikisa mkia uliotaka kuukimbia ulipoacha tobaa.

Mbele zaidi je, si ndiyo salama zaidi?

Kwa usukani, ndiyo. Kwa kebini, hapana. Ndiyo vuta nikuvute yote ya kazi hii, na hakuna fundi anayeikwepa.

Nitaupataje mstari wa ekseli ndani ya bodi?

Usikadirie kwa kutazama tao la bodi juu ya tairi. Kwenye pikapu nyingi tao hilo haliko sawa na kitovu cha gurudumu, na ukikosea sentimita 4 hapo umeshakula karibu nafasi yote uliyokuwa nayo.

Egesha gari kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, bodi ikiwa tupu, upepo wa matairi ukiwa sahihi pande zote mbili. Shika timazi, ile ya fundi mwashi inatosha, ning'iniza uzi kutoka ukingo wa juu wa bodi mpaka upite katikati kabisa ya kitovu cha gurudumu. Weka alama ya chaki kwenye ukingo. Fanya hivyo upande wa pili. Funga uzi kutoka alama hadi alama ukatize bodi. Huo ndio mstari wako. Kisha pima kutoka kila alama hadi ukuta wa mbele wa bodi. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, rudia kwanza. Vikikataa tena, ama bodi imekaa upande au ekseli imehama, na hilo hutokea kwa gari lililowahi kugongwa au kukatika bolti ya katikati ya springi. Tengeneza hilo kabla ya kugusa drili.

Katikati ya upana pima kutoka kwenye chesisi, si kutoka kuta za bodi. Bodi za kubadilishwa mara nyingi hazikai katikati.

Nitajuaje kama trela litagonga kebini nikikata kona?

Hapa huhitaji hesabu, unahitaji uzi. Ingia chini ya pua ya trela, shikilia uzi katikati ya kingpini, uvute hadi kona ya mbele iliyo mbali zaidi. Urefu huo ndio nusu kipenyo cha duara ambalo kona itachora ukikunja hadi nyuzi 90. Ongeza angalau sentimita 10, na ulinganishe na umbali kutoka pale katikati ya sahani itakapokaa hadi mgongo wa kebini.

Trela la upana wa mita 2, pua ikizidi mbele ya kingpini kwa sentimita 40, linatoa uzi wa mita 1.08, kwa hiyo unahitaji kama mita 1.18 hadi kebini. Trela la mita 2.4 lenye pua ya sentimita 50 linatoa mita 1.30, nawe unahitaji mita 1.40. Pua iliyokatwa kona zake inapunguza sana kipimo hiki. Ukiwa unachomelewa trela jipya, mwambie fundi akate kona kwa nyuzi 45 tangu mwanzo.

Sentimita 10 hizo ni za uwanja tambarare. Ukigeuza gari huku trela limeinama upande, sehemu ya juu ya pua inasogea kwenye kioo cha nyuma. Wanaogeuza kwenye vichochoro vyenye mawe vya mabondeni mwa Mwanza waweke sentimita 15 hadi 20.

Nina Hilux dabo kebini. Naweza?

Kwa trela la boksi, hapana. Bodi ya dabo kebini ina kama mita moja na nusu, na kutoka mstari wa ekseli hadi kebini haifiki hata mita 1. Hakuna trela la upana wa kawaida litakalozunguka hapo. Kinachowezekana ni trela lenye shingo nyembamba kama ya bata, ambalo kinachoingia juu ya bodi ni bomba tu na upana unaanza nyuma ya mlango wa bodi. Trela la boti linaweza kujengwa hivyo vizuri kabisa.

Singo kebini, iwe Hilux au Land Cruiser 79, ndiyo inayoifaa kazi hii. Hata hiyo ipime. Watu wameweka matangi, visanduku vya spana na roli ba nyuma ya kebini, na kipimo kinaanzia kwenye hivyo vitu, si kwenye kioo.

Fifwili ya kuteleza inatatua?

Inasaidia. Sahani inakaa juu ya reli, na unaposogea uwanjani kwa kona kali unaitoa kufuli na kuirudisha nyuma kama sentimita 25 hadi 30. Kabla ya kuingia barabarani lazima irudi mbele na ijifunge. Kosa la kila siku ni dereva kumaliza kugeuza, kuona pini ya kufuli imekaa nusu, na kuondoka. Breki ya kwanza ya nguvu inaifyatua sahani mbele na pua inaweza kuingia kebini. Pini ishikwe kwa mkono, isitazamwe kwa mbali.

Pikapu yangu inaweza kubeba kingpini ya uzito gani?

Trela lililopakiwa vizuri linaweka kwenye kingpini asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake wote. Chini ya 15 linaanza kuyumba, juu ya 25 unaua springi za nyuma. Trela la kilo 2,800 kwa asilimia 20 ni kilo 560. Ongeza fifwili na reli zake, tuseme kilo 90, kisha dereva na utingo kilo 150. Umefika 800 na bado hujaweka jeki, maji wala tairi la akiba. Linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye bati la gari, si na jina la "tani moja" la mtaani.

Kuujua uzito wa kweli, pita kwenye mzani. Pima ekseli za pikapu ikiwa peke yake, kisha pima tena ekseli hizohizo trela likiwa limenasa. Tofauti ya jumla ndiyo uzito wa kingpini. Ukiona ekseli ya mbele imepungua, sahani yako iko nyuma, haijalishi futi ilisemaje. Kumbuka pia kwamba sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inagusa magari kuanzia uzito wa jumla wa kilo 3,500, kwa hiyo usipite pale Usagara ukidhani mzani ni wa malori tu.

Nimepata fifwili ya lori kwa bei nzuri. Nifunge?

Usifunge. Kingpini itaingia, kwa kuwa ile ya inchi 2 ni ileile, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Sahani ya lori peke yake inazidi kilo 100, tena imejengwa kuinama mbele na nyuma tu. Pikapu kwenye barabara ya vumbi inapindapinda; gurudumu moja liko juu ya tuta, jingine shimoni. Sahani isiyoinama pembeni inauhamishia msokoto huo wote kwenye bolti na kwenye chesisi nyembamba. Tafuta ya pikapu inayoinama pande nne.

Ifungweje kwenye chesisi?

Bati la bodi halibebi kitu. Ni bati jembamba lenye mabonde, na fifwili iliyofungwa kwenye bati kwa washa kubwa chini, hata washa ziwe nne, itang'oka nalo. Mzigo lazima ushuke: sahani, kiti chake, reli mbili za kukatiza bodi (za kawaida zinaachana kama sentimita 56), bolti zinazopenya bati, na mabano yaliyoshika chesisi pande zote mbili.

Mabonde ya bati yajazwe vipande vya chuma pale bolti inapopita, kati ya reli na bati, na kati ya bati na bano. Bila hivyo, ukikaza bolti, bati linabonyea, bolti inaonekana imekaza, na baada ya wiki bati limekaa na bolti imelegea. Fundi akikuambia "nimekaza sana lakini inalegea yenyewe", angalia hapo.

Tundu kwenye chesisi litobolewe ubavuni, yaani kwenye ukuta wa wima. Midomo ya juu na ya chini isiguswe, maana ndiyo inayobeba mzigo ukipinda. Usitoboe karibu na tundu la kiwandani, na usipanue tundu kwa gesi. Kuchomelea bano moja kwa moja kwenye chesisi tusingekushauri: moto unabadilisha chuma pembeni ya mshono, na ufa huanzia hapohapo, taratibu, chini ya rangi. Kama kuna kuchomelea kokote kwenye gari, chomoa betri kwanza.

Kabla ya drili, lala chini na tochi. Ndani ya ubavu wa chesisi kunapita mabomba ya breki, nyaya za taa na za hendibreki, na tangi la mafuta liko mbele kidogo ya ekseli. Hilux za zamani zina vali ya breki yenye mkono uliounganishwa na ekseli, inayoongeza breki za nyuma kadiri mzigo unavyoshuka. Bano likigusa mkono huo, breki zinapoteza akili na hutajua sababu.

Bolti ziwe za daraja la 8.8 au 10.9, namba iko kichwani mwa bolti. Isiyo na namba iache dukani. Kama mtengenezaji wa fifwili ametoa kipimo cha kukaza, fuata chake. Kama hakuna, M12 ya 8.8 inakaa karibu na nyutoni mita 80, na M16 ya 8.8 karibu na 200, uzi wa bolti ukiwa safi. Kaza kwa toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa zamu za msalaba. Chora mstari wa rangi unaoanzia kwenye nati hadi kwenye chuma, ili ikisogea uone. Kaza tena baada ya kilomita 80 hivi za kwanza. Ukielekea Shinyanga, simama Misungwi uitazame hiyo mistari.

Urefu wa sahani kutoka chini upangweje?

Anza na trela, si na gari. Liweke sawa kwa pimamaji kwenye fremu yake, pima kutoka ardhini hadi bamba la kingpini. Kisha pima gari likiwa na mzigo, kwa sababu springi zitashuka sentimita kadhaa. Ukipanga gari likiwa tupu, trela litakuja kuinamisha pua.

Kati ya ukingo wa bodi na tumbo la pua iwepo nafasi ya sentimita 15, na kwa njia za vumbi 20. Ukishindwa kuvipata vyote viwili, usawa na nafasi, kubali trela liinue pua kidogo kuliko kulaza pua juu ya bodi. Ila ikiinuka sana, ekseli ya nyuma ya trela lenye ekseli mbili inabeba peke yake na tairi zake zinaisha mapema.

Nanasa vizuri, nitajuaje?

Weka kabari magurudumu ya trela. Shusha mlango wa bodi. Pandisha au shusha miguu ya trela mpaka bamba la kingpini liwe chini ya sahani kwa sentimita 1 au 2, ili sahani ikiingia ilinyanyue trela kidogo. Fungua mkono wa taya, zile zinazoibana kingpini ndani ya sahani, rudi rivasi moja kwa moja, polepole, mpaka usikie taya zikijifunga.

Sasa shuka. Wengi hawashuki. Mulika tochi kati ya sahani na bamba: pasionekane mwanga. Ukiona mwanya, kingpini imenasa juu, kichwa kimekalia taya badala ya taya kushika shingo. Trela litavutika hivyohivyo kilomita kadhaa, kisha tuta moja linalitoa. Mulika pia kutoka upande wa nyuma uone taya zimezunguka shingo. Ingiza pini ya usalama kwenye mkono wa taya, funga waya wa kukatikia (unaoshika breki za trela likichomoka), chomeka plagi ya umeme. Kabari zikiwa bado zipo, ingiza gia ya kwanza na uvute kidogo. Likigoma, pandisha miguu, toa kabari, funga mlango wa bodi kama pua inaruhusu.

Kushusha boti majini na kupanda kivuko kuna tofauti?

Ipo. Kwenye mteremko wa ufukweni trela linaelekea chini na gari limekaa juu, kwa hiyo pua inasogelea kingo za bodi upande wa nyuma. Zile sentimita 20 zinaliwa hapo. Kivukoni, iwe Kamanga au Kisorya kwenda Ukerewe, ni kinyume: gari likiwa limeshapanda bamba la mlango na trela bado liko chini, kiungo kinapinda kama goti. Panda polepole, utingo akitazama kingo za bodi, si tairi.

Mchanga wa pwani ya ziwa hauhitaji nguvu, unahitaji upepo mdogo wa tairi. Na beringi za trela la boti zipoe kabla ya kuingia majini. Beringi ya moto ikitumbukizwa, hewa ndani inasinyaa na kuvuta maji kupita sili. Maji ya ziwa hayana chumvi, lakini beringi iliyolowa inapata kutu vilevile.

Nipake grisi kwenye sahani?

Kwa lami, ndiyo, tabaka jembamba. Kwa vumbi la barabara za kwenda visiwani na mialoni, grisi inakusanya mchanga na kuwa msasa. Huko diski ya plastiki kati ya sahani na bamba ni bora: futa, weka, basi. Ikiwa na nyufa, badilisha. Kagua upya kunasa kwa taya baada ya kuiweka, kwani unene wake unabana taya.

Kuna mlio wa "ko" kila nikiondoka na kila nikishika breki.

Kama bolti hazijasogea, ni mwanya kati ya taya na kingpini. Chukua kalipa upime shingo ya kingpini: ya inchi 2 ikiwa mpya ni milimita 50.8, na ikifika 49 badilisha kingpini. Ipime kwa pande mbili, mbele na nyuma halafu kushoto na kulia, kwa sababu inaliwa mviringo wa yai. Kama kingpini ni nzima, kaza taya kwa skrubu yake, na kama skrubu imefika mwisho, taya zimekwisha.

Taa za trela zinawaka hafifu, au zinaungua kila wiki.

Angalia volti. Pikapu nyingi ni volti 12, lakini baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ni 24, kama Canter. Balbu za 24 kwenye gari la 12 zinafifia, na za 12 kwenye gari la 24 zinakufa. Hilo linahusu breki za umeme za trela pia, na ni zito zaidi, maana breki za kusukumwa zilizozoeleka kwenye tobaa hazifanyi kazi kwenye fifwili ya kawaida: kingpini haina pa kuteleza ili isukume breki. Trela la fifwili lisilo na breki zake lenyewe, au ambalo breki zake za umeme zinaongozwa na kisanduku cha kebini kisicho cha volti hiyo, lisishuke mlima likiwa na mzigo.